DAMU, KONDO NA SARATANI
Historia ya swali la seli zinazovuka kuta za mwili, na nafasi ya mjuzi katika fiqhi

Ndugu msomaji, katika vitabu vya fiqhi mlango wa damu za wanawake ni miongoni mwa milango migumu. Maulamaa wameeleza humo hedhi, nifasi na istihadha kwa urefu, na mwanafunzi wa madrasa hukaa nao muda mrefu kabla hajauelewa vizuri. Pamoja na urefu huo wote, mlango huu unajibu swali la aina moja: je, mwanamke huyu anasali, anafunga, na eda yake imekwisha au bado? Liko swali la pili ndani ya damu hiyohiyo, nalo ni hili: je, mwanamke huyu ni mzima?

Katika makala haya tunakusudia kulifuata swali hilo la pili kwa njia ya historia. Tutaona waliyoyasema matabibu wa kale wa Kiislamu kuhusu saratani, au kansa kama wengi wanavyoiita. Tutaona waliyoyagundua wachunguzi wa karne ya 20 juu ya namna seli za mwili zinavyopenya kuta. Kisha tutarejea kwa mafakihi, tuone kwamba wao wenyewe walikwisha kumwachia nafasi mjuzi wa mwili katika mlango huohuo. Tunawakusudia hasa maimamu na walimu walio mbali na hospitali kubwa, kama ndugu zetu wa Kabanga wilayani Ngara, na wa wilaya jirani ya Biharamulo, mkoani Kagera.

MWILI NA KUTA ZAKE

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa jicho tupu. Seli hizi hazikuchanganywa ovyo kama mchanga. Zimepangwa kwa matabaka, na chini ya kila tabaka linalofunika ngozi, utumbo, matiti au mlango wa kizazi, upo utando mwembamba mno uliofumwa kwa protini mithili ya mkeka. Seli za tabaka hukaa juu ya mkeka huo. Chini yake kuna nyama, mishipa ya damu na mishipa ya limfu. Seli ya kawaida hukaa mahali pake na haivuki.

Hata hivyo, kuvuka kwenyewe si ugonjwa. Mkazi wa Kabanga anauona mfano wake kila siku pale mpakani na Kobero ya Burundi. Lori husimama, karatasi hukaguliwa, na likiruhusiwa hupita. Hakuna anayelilaumu kwa kupita mpaka. Anayelaumiwa ni yule aliyepita porini usiku bila idhini. Na mwilini vilevile zipo seli zenye ruhusa. Chembe nyeupe za damu hutoka ndani ya mishipa zikaenda kwenye jeraha. Mtoto akiwa bado tumboni, seli huondoka kwenye sehemu ya mgongo zikasafiri mbali, zikatengeneza mifupa ya uso, mishipa ya fahamu na zile seli zinazotia ngozi rangi. Bila safari hizo hakuna mtu anayeumbika.

Safari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya mwanzo kabisa. Kiasi cha siku 6 au 7 baada ya mbegu kukutana na yai, kijusi kinachoanza hugusa ukuta wa mfuko wa uzazi. Seli zake za nje, ambazo baadaye hutengeneza kondo la nyuma, huanza kuupenya ukuta huo. Kufikia siku ya 12 hivi kijusi chote kimezama ndani. Seli hizo huendelea kuingia katika miezi ya mwanzo, zikaifikia mishipa ya damu ya mama na kuipanua ili mtoto apate chakula na hewa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba upenyaji huu una kipimo. Ukipungua, mishipa ya mama haipanuki inavyotakiwa, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za kifafa cha mimba. Ukizidi, kondo hung'ang'ania kwenye nyama ya mfuko wa uzazi na halitoki baada ya kujifungua, jambo linaloonekana zaidi kwa mwanamke aliyewahi kupasuliwa na kubaki na kovu. Na mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya mrija, ambako ukuta haukuandaliwa kuzizuia seli hizo, hupenya mpaka mrija ukapasuka na mama akavuja damu ndani ya tumbo. Kwa hiyo kipimo hakitoki kwa seli peke yake. Ukuta nao una kazi ya kuzizuia.

Wasomaji wetu watakuwa wamekwisha kukumbuka neno alaqa lililotajwa katika Suratul Hajj, Suratul Muuminun na kwingineko. Wafasiri wa Kiswahili wamezoea kulifasiri kuwa pande la damu au tone la damu. Katika lugha ya Kiarabu asili yake ni kuning'inia na kushikamana, na ruba naye huitwa kwa neno hilo. Maana ya kushikamana inaafikiana na hali tuliyoieleza. Lakini hatuoni kuwa ni sawa kuifanya aya kuwa kitabu cha maabara, kwani nadharia za maabara hubadilika. Inatutosha kwamba aya inamtaka mtu atazame alikotoka.

MATABIBU WA KALE

Neno saratani ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mdudu wa pwani. Wagiriki walikuwa wametangulia kuuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na matabibu wa Kiislamu wakaichukua tamathali hiyo: uvimbe umeshika nyama, na mishipa imetanda pembeni yake kama miguu.

Ibn Sina (980–1037) katika al-Qanun aliutofautisha uvimbe wa saratani na uvimbe mwingine. Alieleza kuwa huanza mdogo, hukua na kuingia katika nyama iliyo jirani. Akashauri kwamba ukikatwa, ukatwe kwa upana, pamoja na mishipa inayoelekea kwenye uvimbe, pasibaki kitu. Katika Andalus, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika juzuu ya 30 ya al-Tasrif juu ya upasuaji. Humo anasema kwamba saratani ikiwa changa na iko mahali panapowezekana kuondolewa yote, kama kwenye titi au paja, basi iondolewe. Ikiwa kubwa na ya zamani, tabibu asiiguse. Kisha anakiri kwa uaminifu kwamba yeye hakuwahi kumponya mgonjwa wa namna hiyo, wala hakumwona aliyemponya.

Kuhusu sababu ya ugonjwa, wazee hawa walifuata kauli ya Wagiriki ya nyongo nyeusi, na kauli hiyo leo imeachwa. Lakini walichokiona kwa macho yao kilikuwa sahihi. Walijua kwamba saratani ni uvimbe unaovuka mahali pake, na kwamba nafasi ya tiba iko kabla haujavuka mbali. Kauli ya al-Zahrawi kuhusu uvimbe mchanga na uvimbe wa zamani ingali msingi wa kazi katika kila hospitali ya saratani.

WACHUNGUZI WA KARNE YA 20

Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Ujerumani alisisitiza kwamba kila seli hutokana na seli nyingine, na maradhi yatafutwe humo. Mwaka 1889 Stephen Paget wa Uingereza aliwachunguza wanawake zaidi ya 700 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ugonjwa haukusambaa ovyo bali ulichagua viungo fulani. Akaulinganisha na mbegu, ambayo haioti ila kwenye udongo unaoifaa.

Mwaka 1902 John Beard, mtaalamu wa elimu ya vijusi huko Edinburgh, alieleza kuwa seli za kondo na seli za saratani zinafanana kwa tabia, zote hupenya na kuchimba. Ufananisho huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini Beard alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba vimeng'enya vya kongosho vitaiponya saratani, na madai hayo hayakuthibiti. Hapa pana funzo kwa wanaouza dawa mitaani: mtu anaweza kuona jambo la kweli kuhusu ugonjwa, na bado dawa yake ikawa si dawa.

Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapière walikuwa wakichunguza namna mkia wa kiluwiluwi unavyotoweka anapogeuka chura. Wakakuta kimeng'enya kinachokata protini ngumu ya kolajeni iliyoushika mkia ule. Mwaka 1980 Lance Liotta na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba seli za saratani zinazosambaa zina uwezo wa kukata kolajeni ya ule utando wa chini ya tabaka, na kadiri uwezo huo unavyozidi ndivyo zinavyosambaa zaidi. Kwa hiyo chombo kinachomwondolea kiluwiluwi mkia wake ni wa ukoo mmoja na kile ambacho saratani hukitumia kuvunja ukuta.

Watu wakapata matumaini. Katika miaka ya 1990 zilitengenezwa dawa za kuvizuia vimeng'enya hivyo, lakini zilipojaribiwa kwa wagonjwa hazikuleta faida iliyotarajiwa. Sehemu ya sababu ilikuja kuonekana kwa mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja. Ndani yake kuna seli moja ambayo, katika ukuaji wa kawaida, huuvunja utando ili njia ya uzazi ifunguke. David Sherwood na wenzake walipoziondoa jeni za vimeng'enya hivyo katika mnyoo huyo, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019 yalionyesha kwamba seli ile haikushindwa. Ilikusanya nguvu nyingi zaidi, ikausukuma utando mpaka ukafunguka, ingawa ilichelewa. Anayefunga mlango mmoja, basi, hajaifunga nyumba. Ndiyo maana kazi ya kuizuia saratani baada ya kuvuka ni ngumu, na kazi ya kuikamata kabla haijavuka ni nyepesi kuliko hiyo mara nyingi.

MIMBA ZABIBU

Hebu sasa tutazame mahali ambapo mimba na saratani zinakutana. Mimba zabibu huitwa hivyo kwa kuwa kinachotoka hufanana na kishada cha zabibu. Mwanamke huona dalili zote za mimba, pengine kwa ukali zaidi: hedhi hukatika, hutapika sana, tumbo hukua haraka. Kisha hutokwa na damu. Mwaka 1977 Tadashi Kajii na Kazuo Ohama wa Japani walionyesha kuwa katika mimba zabibu kamili urithi wote umetoka upande wa baba. Yai halikuwa na urithi wa mama ndani yake. Hukua seli za kondo peke yake, wala hakuna mtoto.

Mara nyingi mimba hii ikisafishwa hospitalini, mwanamke hupona. Lakini kwa baadhi, seli za kondo hubaki na kuendelea kupenya kana kwamba mimba ipo. Baadhi yake hugeuka kuwa saratani ya kondo, ambayo huingia katika damu na kufika mapafuni. Hapo mgonjwa huanza kukohoa damu, na katika mazingira yetu ni rahisi akadhaniwa ana kifua kikuu. Ndiyo sababu baada ya kusafishwa huambiwa arudi kupimwa homoni ya mimba kwa miezi kadhaa, na asishike mimba nyingine katika muda huo ili kipimo kisichanganyike.

Saratani hii zamani ilikuwa ikiua karibu kila aliyesambaa nayo. Mwaka 1956 Min Chiu Li, Roy Hertz na Donald Spencer huko Marekani walichapisha habari za wagonjwa waliotibiwa kwa dawa ya methotrekseti. Li aliendelea kuwapa wagonjwa dawa hata baada ya uvimbe kutoweka machoni, mpaka homoni ilipokwisha kabisa katika vipimo. Wakubwa wake waliona anazidisha, akaondolewa kazini. Baadaye ilithibiti kuwa yeye ndiye aliyekuwa sahihi, kwani wagonjwa walioachishwa dawa mapema walirudiwa na ugonjwa. Leo wengi wa wagonjwa hawa hupona, hata ugonjwa ukiwa umefika mapafuni, alimradi wafike hospitalini.

MAFAKIHI NA KAULI YA WAKUNGA

Je, damu inayofuata mimba iliyoharibika ni nifasi? Mafakihi waliliuliza swali hili karne nyingi kabla ya darubini. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, damu baada ya kutoka alaqa au pande la nyama ni nifasi, iwapo wakunga watasema kwamba kilichotoka ni asili ya mwanadamu. Ama eda, haimaliziki kwa alaqa. Humalizika kwa pande la nyama ambalo wakunga wameliona lina umbo la mtu, japo umbo hilo limefichikana kwa wengine. Hanafi na Hanbali wametaka idhihiri sehemu ya umbo, kama kidole au ukucha. Wamaliki wakataja jaribio: lile pande limwagiwe maji ya moto, likiyeyuka ni damu tu, lisipoyeyuka ni mimba.

Tazama, ndugu msomaji, walivyofanya. Fakihi hakudai kujua kilichomo ndani ya lile pande. Alimwita mkunga, akaisikiliza kauli yake, akajenga hukumu juu yake. Wamaliki wakaenda mpaka kwenye kupima kwa maji ya moto. Mjuzi wa leo anayo darubini na kipimo cha homoni, na kauli yake kwamba kilichotoka hakikuwa na asili ya mtoto ina uzito uleule wa kauli ya mkunga, au zaidi. Hukumu ya nifasi na eda katika mimba zabibu tunamwachia mufti wa mahali husika, naye anahitaji kwanza ripoti ya hospitali. Imamu anayefutu kabla ya kuuliza kilichoonekana hospitalini ameruka hatua ambayo mafakihi hawakuiruka.

Na katika istihadha, hadithi ya Fatima binti Abi Hubaysh ni mashuhuri. Alilalamika kuwa damu haimkatikii, akauliza kama aache sala. Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba ule ni mshipa wala si hedhi, na akamfundisha namna ya kusali. Wengi wetu tumeshika nusu ya mafundisho hayo, kwamba mwenye istihadha anasali. Nusu nyingine ni kwamba damu hiyo ina chanzo kingine mwilini. Kumwambia mwanamke atie udhu kila sala inapoingia ni kumpa hukumu ya sala yake. Hatujamwambia kwamba mwili wake u mzima, wala hatuna elimu ya kumwambia hivyo.

KABLA UKUTA HAUJAVUNJWA

Katika Tanzania, saratani inayotangulia kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka nchini. Sababu yake kubwa ni virusi vya papiloma. Harald zur Hausen wa Ujerumani alivitambua katika saratani hii mwaka 1983, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Ugonjwa huu una rehema moja ndani yake, nayo ni muda. Virusi vikikaa bila kuondoka, seli za juu huanza kubadilika, lakini hubaki juu ya ule mkeka tuliouelezea. Kwa kawaida hupita miaka 15 mpaka 20 kabla hazijauvunja, na miaka 5 mpaka 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake ni dhaifu, kama anayeishi na virusi vya ukimwi bila tiba. Katika muda wote huo hana maumivu. Mhudumu hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyobadilika huonekana nyeupe. Huweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, mara nyingi siku hiyohiyo, na mwanamke akarudi nyumbani. Seli zikishauvuka utando, habari hubadilika. Zinafika kwenye mishipa ya limfu na damu, na tiba huwa upasuaji mkubwa, mionzi na dawa kali.

Kwa mgonjwa wa Kabanga, tofauti hiyo hupimwa kwa kilomita pia. Kipimo cha siki hakihitaji mashine kubwa. Ama tiba ya saratani iliyokwisha kuvuka humpeleka mpaka Bugando jijini Mwanza, kupitia Biharamulo na Geita. Kwa miaka mingi safari hiyo ilisubiri kivuko cha Busisi, mpaka daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Wengine huenda mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, jengo lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Mgonjwa anahitaji nauli, mtu wa kumsindikiza, na wiki kadhaa mbali na watoto.

Chanjo ya virusi hivi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Yapo maneno mitaani kwamba inaharibu uzazi. Hakuna ushahidi wa hilo, na chanjo hiyo imekwisha kutolewa kwa mamilioni ya wasichana duniani.

Lipo jambo jingine ambalo maimamu peke yao ndio wanaoweza kulirekebisha. Kwa kuwa virusi hivi hupita kwa kujamiiana, baadhi ya watu humtuhumu mgonjwa. Huu ni ujinga na ni dhulma. Mke mwema aliyeolewa bikira anaweza kuvipata kwa mumewe, na virusi vinaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Kumtuhumu mwanamke mwenye staha kwa sababu ya ugonjwa wake ni kuukaribia mlango wa qadhfi, na kila mwanafunzi wa fiqhi anajua uzito wa mlango huo. Wanawake wengi hujificha kwa kuiogopa tuhuma hiyo, na miaka inapita.

KWA MAIMAMU NA WALIMU

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila msikiti. Akija mwanamke, au mumewe kwa niaba yake, kuuliza juu ya damu iliyokuja nje ya mazoea, damu baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya hedhi kukoma kwa umri, apewe hukumu ya sala yake, na papo hapo aambiwe aende kupimwa. Aliyesafishwa mimba zabibu akumbushwe kurudi kwenye vipimo mpaka aruhusiwe, na mumewe aelezwe kwa nini inabidi wachelewe kupata mtoto mwingine. Kwenye darasa la akina mama, mlango wa istihadha usomeshwe pamoja na maelezo ya muuguzi au mkunga wa zahanati ya karibu, kwani yeye ndiye yule mkunga aliyetajwa vitabuni. Na msikiti wenye mfuko wa sadaka uiweke nauli ya mgonjwa wa rufaa miongoni mwa matumizi yake.

Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu. Al-Zahrawi, kwa zana alizokuwa nazo, aliandika kuwa uvimbe mchanga huondolewa na wa zamani haugusiki. Sisi tumepewa muda mrefu kuliko yeye, kwa sababu tunaweza kuliona jambo kabla halijawa uvimbe. Muda huo ni amana, na sehemu yake imo mikononi mwa yule anayeulizwa kwanza.

Wabillahi tawfiq.